Samaki malaika wanataga, lakini mayai yote yanageuka meupe: naombeni ushauri

Mwenye uzi, Mombasa
Ndugu zangu wafugaji, salaam. Nina jozi ya samaki malaika katika tangi la lita 120, na tangu Machi wametaga mara nne kwenye bomba la chujio. Huyapanga mayai mistari kama shanga na kuyapepea kwa zamu, lakini siku ya pili mengi huwa meupe kama chembe za chumvi, na asubuhi ya tatu nakuta bomba tupu. Maji ni ya kisima, joto ni nyuzi 28. Je, niwatenganishe na mayai yao? Inaniuma kuona wanavyohangaika bure.

Mchangiaji wa kwanza
Pole sana, ndugu. Yai lililorutubishwa hubaki angavu, lenye rangi ya kaharabu; linalogeuka jeupe limekufa, na mara nyingi halikurutubishwa tangu mwanzo, kwa hiyo wazazi wanapoyala wanasafisha tu. Hakikisha kwanza kwamba una dume, kwani majike wawili wakikosa dume huweza kushikana kama jozi na kutaga wote. Siku ya kutaga tazama kijibomba cha uzazi kinachojitokeza chini ya tumbo: cha jike ni kinene na butu, cha dume ni chembamba kilichochongoka.

Mchangiaji wa pili
Mimi nashuku maji. Visima vingi vya Mombasa vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe na vina chokaa nyingi, ilhali samaki hawa asili yao ni bonde la Amazon, kwenye maji laini, yaani yenye chokaa kidogo. Changanya na maji ya mvua kidogo kidogo, ila usikinge mvua ya kwanza inayoosha vumbi la bati.

Mwenye uzi
Ahsanteni. Jana wametaga tena, nami nimeona vijibomba viwili tofauti kabisa, basi dume yupo. Nitaanza na maji. Mayai yakishika, nifanyeje?

Mchangiaji wa kwanza
Wasimamishie kipande cha kigae watagie hapo, kisha ukihamishe pamoja na maji yale yale kwenye tangi dogo, uweke kando jiwe la hewa (la kutoa mapovu ya pampu) na matone machache ya methilini bluu, dawa ya kuzuia ukungu. Vifaranga wataanguliwa baada ya saa 60 hivi, wabaki wamenata wakitikisa mikia kwa siku nne au tano, wakiishi kwa kiini cha yai. Usitie chakula chochote hadi waogelee. Hapo ndipo uwape artemia (vijikamba vidogo sana) waliototoleshwa siku hiyo hiyo, mara tatu au nne kwa siku.