Naomba ushauri: neno "run" nilitafsiri kwa neno gani moja la Kiswahili?

Mfasiri Mgeni: Ndugu wanajukwaa, salamu. Nina mwongozo wa pampu ya maji wa kurasa 14, ulioandikwa kwa Kiingereza, nami nimekwama kwenye neno moja dogo, "run". Mteja anataka kila neno la Kiingereza lipewe neno moja tu la Kiswahili tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ili msomaji asichanganyikiwe. Nimeelekea kuchagua "endesha". Je, linatosha? Jambo hili linaninyima usingizi.

Mwalimu Mstaafu: Mwanangu, unatafuta kisichokuwepo. Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, alilishughulikia neno hilo kwa takriban miezi 9, na alipomaliza alikuwa amepata maana 645 za kitenzi peke yake. Nasi tunalo "piga": tunapiga simu, pasi, kura, mswaki, deki na hodi, na katika hayo yote hakuna anayeumia. Mgeni akilazimishwa kuyaeleza yote kwa kitenzi kimoja cha lugha yake, atashindwa kama unavyoshindwa wewe.

Mama Wodi: Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi, na kwetu neno lililosumbua lilikuwa "discharge", ambalo ni ruhusa ya mgonjwa kwenda nyumbani na pia ni usaha unaotoka kidondani. Mwanafunzi mmoja aliliona kwenye faili, akawaambia ndugu wa mgonjwa walete nguo za kumvalisha, kumbe daktari alikuwa ameandika kwamba kidonda kinatoa usaha. Tulipogundua, mzee wa watu alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Sijausahau uso wake alipoambiwa arudi kitandani.

Fundi Bomba: Hakuna aliyeomba kuziona sentensi zenyewe. Ndugu Mgeni, tuwekee hapa, na utuambie kazi hii unatakiwa kuikabidhi lini.

Mfasiri Mgeni: Ziko nyingi. "Do not run the pump dry" nimeiandika "Usiendeshe pampu kavu". "Run the hose straight to the well" nimeiandika "Endesha mpira moja kwa moja hadi kisimani". Ama kuhusu tarehe, kazi nilikwisha kuikabidhi mwezi uliopita. Imechapwa, na kamati ya maji ya kijiji inaitumia. Hata hivyo, mteja aliisoma akatia saini, na yeye ndiye aliyetaka neno moja, kwa hiyo sioni kosa langu liko wapi. Ninachohitaji ni kuthibitishiwa tu kwamba "endesha" linaeleweka.

Msema Kweli: Saini ya mteja haimfai kitu mama anayesubiri maji na ndoo yake. Kati yenu, wewe ndiye uliyezijua lugha zote mbili, na amana humkalia anayejua.

Mdadisi: Naomba radhi, lakini mimi siamini. Mwanzoni ulikuwa umekwama na kazi iko mkononi. Sasa kazi imechapwa tangu mwezi jana. Sentensi zenyewe zimekaa kama mifano ya kitabuni. Nadhani huyu ni mwanafunzi wa tafsiri anayetafutiwa majibu ya zoezi.

Mwalimu Mstaafu: Nimesahihisha mazoezi hayo kwa miaka mingi, Mdadisi. Mwanafunzi huficha asichokijua. Huyu ameficha tarehe.

Fundi Bomba: Iwe kweli au iwe zoezi, ile "Do not run the pump dry" haisemi lolote juu ya ukavu wa pampu kwa nje. Iandike hivi: "Usiwashe pampu kabla hujaijaza maji ndani, na uizime mara tu maji ya kisima yanapokwisha." Maji hayo ndiyo yanayoipoza sili, yaani kizibo kinachozuia maji yasivuje kwenye shafti, na yakikosekana sili huungua. Mpira nao hauendeshwi, hulazwa. Nani anaiwasha pampu hiyo? Mpigie simu leo hii.

Mfasiri Mgeni: Nimempigia mlinzi wa pampu. Anasema anafuata kitabu: kila asubuhi huimwagia pampu ndoo nzima ya maji kwa juu mpaka ilowe, ndipo anapoiwasha. Nimemwomba kesho asiiguse mpaka nifike, na sentensi yako nimeinakili kwa mkono ili niibandike pale kwenye banda. Ndugu Mdadisi, tarehe niliificha kwa aibu.

Mdadisi: Basi tuletee majibu ukirudi. Nitakuwa nimekosea, na nitafurahi kuwa nimekosea.

Fundi Bomba: Ukifika, chungulia kwenye shafti, pale kati ya injini na pampu. Ukikuta maji yanadondoka, sili imekwisha. Msiiwashe hata kwa kujaribu.