Soketi ya mtandao ipo chumbani hosteli, waifai ya koridoni haifiki: tufunge ruta vipi bila kufungiwa?

Ghorofa_ya_Tatu

Habari wakuu. Chumba chetu ni cha watu wanne, cha mwisho kabisa koridoni. Kifaa cha waifai ya chuo kimefungwa katikati ya koridoni, kuta ni za zege na mlango ni wa chuma. Mlango ukiwa wazi mtandao unashika, ukifungwa unakatika. Ukutani kuna soketi ya waya inayofanya kazi: ukichomeka laptopu, ukurasa wa kuingiza namba ya usajili na nywila unafunguka, na spidi ni nzuri. Tunataka kuchanga tununue ruta. Ila kuna vyumba vilivyofungiwa soketi na idara ya TEHAMA baada ya kuweka ruta. Kosa huwa ni nini? Na chuo kikikataa, ruta ya laini (inayotumia kadi ya simu) inawatosha watu wanne?

Fundi_Nyaya

Mkuu, kosa karibu kila mara ni tundu. Nyuma ya ruta kuna tundu moja la WAN (la kupokea intaneti kutoka nje), mara nyingi lina rangi tofauti na mengine, halafu kuna matundu ya LAN (ya kuunganisha vifaa vyako vya ndani). Ukichomeka waya wa ukutani kwenye LAN, ruta yako inaanza kugawa anwani za IP (namba ambazo kila kifaa hupewa ili kiwasiliane mtandaoni) kwa ghorofa nzima. Laptopu ya chumba cha tano inaomba anwani, ruta yako inawahi kujibu kabla ya seva ya chuo, na mwenzako anapewa njia ya kutokea isiyo sahihi. Ghorofa inakosa intaneti. TEHAMA wanaifuatilia anwani ya MAC ya ruta yako (namba ya kudumu inayokitambulisha kifaa) hadi kwenye swichi (kifaa kinachounganisha nyaya za ghorofa), wanakuta soketi yako, wanaizima. Wako sahihi kabisa kuizima.

Kwa hiyo kwanza nenda kaulize kama ruta binafsi inaruhusiwa. Ikiruhusiwa:

Kabla hujachomeka ukutani, washa ruta peke yake, ingia kwenye mipangilio kwa laptopu, badilisha nywila ya msimamizi, kisha badilisha anwani ya LAN iwe kitu kama 192.168.50.1. Hili wengi wanaliruka. Kama chuo nacho kinatumia 192.168.0.x au 192.168.1.x, ruta inaona mtandao uleule pande zote mbili na haijui ipeleke data wapi. Utaona taa zote zinawaka na hakuna kinachofunguka.

Sasa chomeka waya wa ukutani kwenye WAN, ukiiacha WAN ijipatie anwani yenyewe. Kama chuo kinasajili vifaa kwa MAC, sajili MAC ya WAN inayoonekana kwenye ukurasa wa hali ya ruta. Ile ya kibandiko cha chini inaweza kuwa ya LAN, na hutofautiana kwa tarakimu ya mwisho tu.

Waifai: kwenye masafa ya 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, upana 20 MHz, na punguza nguvu ya kurusha. Chumba kimoja hakihitaji nguvu yote, na ukiiacha juu unawasumbua majirani na kifaa cha chuo. Kwa masomo ya video tumieni 5 GHz. Haipenyi zege vizuri, na kwenu hiyo ni faida.

Tausi_ICT

Naongezea mawili. Ukiingia kwa namba yako ya usajili kupitia ruta, chuo kinaona kifaa kimoja tu. Chochote watakachofanya wenzako watatu kinaandikwa kwa jina lako. Kubalianeni mapema.

La pili: kama mnasajili simu moja moja badala ya ruta, simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hutumia MAC ya kubuni. Ndiyo maana simu iliyosajiliwa inaweza kukataliwa. Fungua mipangilio ya waifai hiyo na uchague MAC halisi ya kifaa, ndipo usajili.

Mbeya_Kijani

Kuhusu ruta ya laini, pimeni kabla ya kununua. Kwenye Android, fungua sehemu ya kuhusu simu, hali ya laini, usome namba ya dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) mkiwa kwenye 4G. Karibu na -85 ni nzuri, ikifika -110 ni mbaya. Pimeni dirishani na kitandani, kwa laini za kampuni tofauti. Kisha pimeni spidi saa 3 usiku na saa 11 alfajiri. Namba ikiwa nzuri lakini spidi ya usiku iko chini sana, mnara umejaa, na ruta ya bei kubwa haitausaidia.

Hesabu ya bando: video ya 480p ni takriban GB 0.6 kwa saa. Watu wanne, saa mbili kila mmoja, ni GB 4.8 kwa siku. Bando la GB 30 halimalizi wiki. Kwenye kila Windows wekeni waifai hiyo kama mtandao unaopimwa (metered connection), la sivyo masasisho yatakula bando mkiwa mmelala.

Ghorofa_ya_Tatu

Asanteni sana. Umeme unakatika mara kwa mara. Tununue na UPS ndogo (betri ya kushikilia ruta umeme ukikatika)?

Fundi_Nyaya

Kwa ruta ya laini, ndiyo. Iliyoandikwa mAh 8800 huhesabiwa kwa volti 3.7, yaani Wh 32 hivi. Toa upotevu, ruta ya wati 6 itakaa saa nne na kidogo. Hakikisha volti zinalingana: ruta ya 12 usiichomeke kwenye tundu la 9.

Kwa ruta ya ukutani, uliza kwanza kama swichi ya ghorofa ina UPS yake. Kama haina, umeme ukikatika soketi nayo inakufa, na ruta yako itabaki inawaka bila intaneti.