Naomba ushauri: bamba la kumbukumbu ya kijana wa karakana ya meli, moto wa Cocoanut Grove

Ndugu zangu, naombeni ushauri kuhusu bamba la shaba nyeusi, sentimita 40 kwa 30, la kumkumbuka kijana aliyejenga meli za vita huko Quincy, Massachusetts, akafia kwenye moto wa klabu ya Cocoanut Grove, Boston.

Kinachosumbua zaidi ni tarehe. Moto ulianza saa nne na robo usiku wa Novemba 28, 1942, ukaua watu 492. Lakini baadhi walikata roho baada ya saa sita usiku, yaani tarehe 29, na wengine siku kadhaa baadaye hospitalini kwa moshi mapafuni. Kuandika 28 kwa mazoea ni kumkosea marehemu. Je, tufuate cheti cha kifo au jiwe la kaburi, vikipingana? Mimi naegemea cheti.

Pili, kazi yake. "Mfanyakazi" tupu haitoshi. Mchomeleaji na mpiga ribiti (anayeunganisha mabamba ya chuma kwa pini za kugongwa) ni mafundi wawili tofauti. Mbali na beji yenye namba, ni karatasi gani huonyesha fani?

Tatu, tutaje mlango? Ule wa kuzunguka ulikwama kwa msukumano, miili ikarundikana nyuma yake, na milango mingine ilikuwa imefungwa. Naona utajwe, kwa mstari mmoja tu.

Kuhusu boliti, msinishauri chuma cha kawaida: kikigusana na shaba kwenye unyevu, chuma huliwa haraka na kutu huchirizika hadi kwenye jina. Boliti za shaba nyeusi za milimita 8, nne, zinatosha ukuta wa matofali?