Naomba ushauri: shindano la kuandika vichekesho vya sayansi, Malindi

Jamani, sisi wapenzi wa hadithi za kisayansi hapa Malindi twataka kufanya kongamano letu dogo, si Ngomeni hapa jirani ndiko setilaiti ya Uhuru ilikorushwa 1970 bwana, sasa mie nimeachiwa shindano la vichekesho. Wazo nimechukua kwa wale wa San Jose State University kule Marekani walioanza 1982, watu walikuwa wakishindana kuandika sentensi ya kwanza ya riwaya iwe mbovu kabisa, sentensi moja tu, hata asiyewahi kuandika aweza kujaribu. Mfano kiumbe wa Mirihi atua Ngomeni, hata salamu hajatoa, ashaitishwa nauli ya tuktuk.

Shida ni majaji. Nikiweka walimu watatafuta sarufi, nikisema watu wapige makofi basi mwenye mabinamu wengi ndo ashinda. Nafikiria kuficha majina mtu mmoja azisome zote jukwaani, lakini kuna nyengine ukijisomea wavunjika mbavu, zikisomwa kwa sauti kimyaa. Na wa matusi nimtoe au vipi, watoto watakuwepo? Zawadi ni halwa tu. Aliyewahi kuendesha kitu kama hiki hebu anambie.