Klabu yetu Tabora: tumependana mpaka hakuna anayemkosoa mwenzake. Tufanyeje?

Katibu wa Alhamisi

Wakuu, habari za jioni. Wenye uzoefu wa klabu za kuzungumza mbele za watu naomba mnisaidie.

Tuko Tabora mjini. Tunakutana Alhamisi saa kumi na moja jioni kwenye darasa la kuazima upande wa Isevya. Hatujasajiliwa popote, tunafuata tu utaratibu wa Toastmasters (shirika la kimataifa la klabu za kuzungumza mbele za watu) ambao mwenzetu mmoja aliuzoea alipokuwa Dar: mwongozaji wa kikao, mtunza muda, mhesabu wa maneno ya kujazia (kwetu vinara ni "yaani", "kimsingi" na ile "eeeh" ya kuvuta), hotuba mbili za dakika 5 hadi 7, mada za papo kwa papo za dakika 1 hadi 2, kisha kila hotuba na mtathmini wake. Taa za kijani, njano na nyekundu za kumwonyesha mzungumzaji muda hatuna; tumekata kadi za manila.

Watu tunao na tunapendana kweli. Mwenzetu alipofiwa na mama yake kule Nzega tulikodi Noah tukaenda. Kijana wa duka la dawa huleta karanga, mama mmoja wa Ipuli huleta michembe (viazi vitamu vya kukausha), chai tunachangia. Kwenye papo kwa papo tunacheka mpaka mlinzi anachungulia dirishani. Juzi fundi pikipiki alichomoa karatasi iliyoandikwa "Mshawishi nyuki asihame mzinga wako". Akasimama, akamwambia nyuki kwamba kodi ya mwezi huu amemsamehe, ila asithubutu kuhamia kwa jirani, kwa sababu jirani anavuta sigara na mke wake anapenda kufagia alfajiri. Muda ukaisha nyuki bado anabembelezwa.

Tatizo ni tathmini. Hazina kitu. Dada mmoja, karani, alitoa hotuba yake ya kwanza. Sauti haikuvuka safu ya pili na salamu peke yake zilikula dakika mbili. Mtathmini akasimama: "Hotuba nzuri, umependeza, endelea hivyo hivyo, makofi ya kilo tafadhali." Tukapiga. Aendelee hivyo hivyo kwenda wapi?

Upande wa pili nao upo. Mwenzetu mmoja alichoka na haya, akamtathmini mwalimu wa sekondari bila kumung'unya: hukujiandaa, umesoma karatasi, umetuchosha. Usiku akayarudia kwenye kundi la wasapu. Mwalimu hajaonekana tena, na tukikutana naye sokoni anatusalimia vizuri tu, jambo ambalo ni baya zaidi.

Halafu vyeo. Muuguzi kijana anapangiwa kumtathmini bosi wake wa zamu. Atasema nini? Tabora ni ndogo jamani, unayemkosoa Alhamisi ndiye anayekuhudumia dirishani benki Ijumaa.

Tunaambianaje ukweli bila kuivunja klabu?

Mtoto wa Ng'ambo

Mkuu, Toronto nzima (yaani Tabora yetu hii) tunajua kuongea tangu tumboni, shida yetu ni kunyamaza.

Mimi nilialikwa kama mgeni kwenye kikao cha namna hiyo. Mtu akaanza: "Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleykum, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa." Tulikuwa watu tisa chumbani, na mweka hazina alikuwa hajafika. Kama itifaki imezingatiwa, ulikuwa unataja nini sasa? Anzeni hapo kabla ya mambo ya tathmini.

Mama Duka Cheyo

Mimi natetea sifa kidogo.

Nilipojiunga na klabu (siyo hii yako) nilikuwa sijawahi kusema mbele ya watu zaidi ya "ahsanteni kwa kuja" kwenye kipaimara cha mwanangu. Siku ya hotuba ya kwanza magoti yalinicheza, nikasema nusu ya nilichopanga nikakaa. Wangenikosoa siku ile nisingerudi, na leo nisingekuwa nasimama kwenye mkutano wa wafanyabiashara kubishana kuhusu ushuru bila kutetemeka. Hata hao Toastmasters hotuba ya kwanza wameifanya fupi, dakika 4 hadi 6, na mada ni wewe mwenyewe. Wanataka tu usimame, umalize, ukae ukiwa hai.

Ila sifa iwe na kitu ndani. Mimi niliambiwa: "Uliposema siku uliyofungua duka ukiwa na katoni moja ya sabuni, wote tuliinua vichwa." Hiyo niliibeba mpaka nyumbani, na tangu hapo kila hotuba natafuta katoni yangu ya sabuni. "Umependeza" nimeshaambiwa na kioo.

Mzee wa Stesheni

Katibu mwanangu, nimekusoma mara mbili, taratibu.

Mimi nimestaafu reli. Nimeshika kipaza sauti cha stesheni hapa hapa Tabora, ambapo njia ya Mwanza inaachana na ya Kigoma, kwa hiyo ukitangaza vibaya mtu wa Shinyanga anaamkia Urambo. Aliyenifundisha kazi hakuwahi kuniambia kwamba natangaza vizuri wala vibaya. Alikuwa anakwenda kusimama kule mwisho, yanakoishia mabehewa, anainua mkono pale ambapo hakusikia. Basi. Mkono ukiinuka najua neno gani limepotea. Kazi ikiisha tunakunywa kahawa pamoja tukiwatazama wacheza bao, hakuna mwenye kinyongo. Nitanunaje? Hakunisema mimi, alinionyesha neno ambalo halikufika.

Sasa nikuulize, mtathmini wenu anakaa wapi? Naweka dau anakaa mbele, jirani na sahani ya karanga. Mpelekeni nyuma kabisa. Yule dada karani angejua kabla hajamaliza salamu kwamba sauti haifiki, na asingehitaji mtu wa kumwambia kwa maneno.

La pili, na hili ndilo kubwa. Kabla ya kikao mtathmini amfuate mzungumzaji amuulize: leo unataka nikutazamie nini? Sauti? Mikono? Kumaliza kwa wakati? Akishataja mwenyewe, kumwambia ni kumjibu alichouliza, na kumjibu mtu alichouliza hakujawahi kuwa utovu wa adabu. Dawa ya vyeo iko hapo hapo. Muuguzi hawezi kusimama amwambie bosi wake kwamba hajajiandaa. Lakini bosi akisema mbele ya wote, "Mwanangu, leo nihesabie mara ngapi natazama karatasi," binti anakuja na hesabu yake: mara kumi na nne. Anaitamka, anakaa. Nani atamkasirikia aliyetumwa kuhesabu? Tena muwaanze wakubwa, na wewe katibu uwemo. Vijana wakiona bosi kahesabiwa na kesho kaenda kazini kama kawaida, watalegea.

Shikamoo msiifute. Nasikia kuna vikundi vya vijana wanasema humu ndani hakuna shikamoo, sote sawa. Mtoto aliyelelewa huku kwetu ukimzuia kumwamkia mkubwa, saa nzima anakaa kama mwenye deni. Aamkie mlangoni, aitikiwe, waingie. Ndani, mwongozaji asome itifaki moja ya kikao kizima, na kila anayesimama baada yake aanze na jambo lake. Huyo Mtoto wa Ng'ambo ana utani lakini hapo kasema kweli: hotuba ya dakika 7 haiwezi kulisha salamu za dakika 2.

Na makofi. Mji huu huu, Januari 1958, TANU walikutana kuamua kama waingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule uliomtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wajumbe wengi walikuwa hawataki hata kuusikia. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha Tabora, aliwageuza kwa hoja mpaka wakapitisha ule unaoitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakushawishika, akatoka akaanzisha chama chake, ANC. TANU ikaingia kwenye uchaguzi ule na ikashinda. Mkutano ungekuwa wa "nimeipenda, endelea hivyo hivyo", wangesusia kwa shangwe na vigelegele. Samahani, mzee nikianza habari za Tabora breki zinagoma.

Huyo mwalimu aliyesusa mfuateni nyumbani. Msipige simu, msitume ujumbe. Mwende watu wawili, mmoja awe yule yule aliyemsema. Na tathmini isikanyage tena kwenye wasapu.

Dada wa Mwanga, Kigoma

Shikamoo Mzee wa Stesheni. Kwetu huku treni ikichelewa tunasema mmeishikilia nyinyi Tabora.

Naongezea la akina dada, maana naona Katibu kalitaja bila kulisimamia: "umependeza". Nilikuwa kwenye kikundi kama chenu hapa Mwanga. Nikatoa hotuba kuhusu bei ya dagaa pale Kibirizi, kwa nini inapanda siku za mbalamwezi wavuvi wanapopumzisha taa zao, na nani anafaidika. Nilijiandaa, daftari zima la bei lilikuwa mkononi. Mtathmini, kaka muungwana tu, alisifu kitenge changu. Kitenge! Mwanamume aliyenitangulia hakuna aliyemtajia suruali.

Toastmasters ilianza tarehe 22 Oktoba 1924 kule Santa Ana, California, Ralph Smedley akiwakusanya wanaume kwenye chumba cha chini cha YMCA, na wanawake hawakufunguliwa mlango rasmi mpaka 1973. Helen Blanchard aliingia kabla ya hapo: klabu yake ilimtaka, kanuni hazikumtaka, basi wakamwandikisha kwa jina la kiume, Homer. Mwaka 1985 akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa shirika zima. Mwenzetu kaingia kwa jina la Homer ili asikilizwe, wewe leo unanisimamia hapo kunitathmini kitenge?

Sisi tuliweka kanuni kwamba mtathmini hataji mavazi, na akisema kitu kilipungua lazima aonyeshe. Hasemi "mwanzo ulikuwa dhaifu" halafu anakaa. Anasimama anaanza yeye, sentensi moja au mbili, sote tunasikia tofauti. Ukijaribu mwenyewe unaona kazi ilivyo, ulimi unalainika bila kuombwa. Yule mkali wenu wa Tabora angeambiwa aonyeshe jinsi ya kusema hotuba ile ile bila karatasi, nadhani angetathmini kwa sauti ya chini kidogo.

Kitu kingine, kidogo lakini kilitufaa kuliko hizo kanuni zote: chai inakuja baada ya tathmini, na mtathmini anakula sahani moja na aliyemtathmini. Kwetu ilikuwa mihogo na mgebuka wa kukaanga. Huwezi kununa na huku unamchambulia mwenzako miba. Michembe sijui kama inafaa, haina miba, lakini jaribuni.

Mama Duka, hiyo katoni ya sabuni nimeiiba.

Mama Duka Cheyo

Chukua tu mdogo wangu, zimebaki.

Mzee, nakubaliana na yote ila hilo la kuinua mkono kule nyuma. Mtu mpya akiona mkono unapanda na kushuka atadhani anaitwa nje. Kwa hotuba ya kwanza mkono ushuke, baada ya hapo uinuke.

Katibu wa Alhamisi

Shikamoo mzee. Dada, Mama Duka, ahsanteni sana. Ng'ambo, mweka hazina wetu ndiye yeye kweli, huwa hafiki.

Mzee, mtathmini anakaa jirani na karanga kama ulivyosema. Nimecheka peke yangu kwenye bodaboda.

Mrejesho: jana jioni tulikwenda kwa mwalimu, mimi na yule mkali wetu. Tulimkuta barazani anasahihisha madaftari. Mkali akaanza maelezo marefu ya radhi, mwalimu akamkatisha. Akasema kuhusu karatasi mlikuwa sahihi, siku ile shule ilikuwa na mitihani na hotuba aliiandika mchana huo huo. Kilichomuuma ni wasapu, kwa sababu kwenye lile kundi yumo mzazi wa mwanafunzi wake, na kesho yake darasani kuna mtoto aliuliza, "Mwalimu, leo hutatuchosha?" Hilo hakuna aliyeliwaza. Mkali wetu alikuwa hana pa kuangalia. Mke wa mwalimu akatuletea uji wa ulezi, tukanywa, mazungumzo yakageukia mvua na bei ya mbolea mpaka giza likaingia.

Anarudi. Ila ametoa sharti: Alhamisi ijayo mkali ndiye atoe hotuba, na mtathmini awe yeye mwalimu. Mkali kakubali mbele yangu, lakini njiani kurudi hakusema neno.

Nimpe?

Mzee wa Stesheni

Marahaba mwanangu. Mpe, na kabla ya kikao amuulize mkali anataka atazamiwe nini, kama mwingine yeyote. Asipoulizwa itakuwa kisasi.

Mama Duka, mkono kwa wageni nimeushusha.

Mimi nitakuja kusikiliza. Nielekeze tu ni jengo lipi, na kama mnaanza saa kumi na moja kweli au ya kwetu.