Mrejesho: Tamthilia iliyogeuka ya kulipia

Wakuu, asanteni kwa majibu. Kwa ambao hawakuona: niliuliza kwa nini tamthilia niliyokuwa naitazama mtandaoni bila nyongeza, kwenye huduma ya kulipia kwa mwezi, huku Marekani, sasa imewekewa kitufe cha "nunua" wakati ada ya mwezi nalipa kama kawaida.

Mliosema mkataba umeisha mlikuwa sahihi. Huduma kwa wateja wamethibitisha: haki ya kuionyesha ndani ya ada imekwisha, wamebaki na haki ya kuiuza. Hata vipindi nilivyopakua kwenye simu vimegoma kufunguka, na hilo ndilo limeniuma zaidi, maana nilimwekea mama anayekuja kunitembelea.

Aliyetaja The Office, ile tamthilia ya vichekesho ya Marekani, kanifumbua macho. Iliondoka Netflix ya Marekani mwisho wa 2020, ikahamia Peacock, huduma ya kutazama mtandaoni ya wenye mali yao, NBCUniversal. Mwanzoni, 2021, misimu 2 ya kwanza waliiacha bure, wa 3 hadi wa 9 ikawa ya kulipia. Yaani ukishanogewa ndipo mlango unafungwa! Kwa kweli si haki.

Kununua nimekataa. Nimeazima DVD za msimu wa kwanza maktaba ya mtaani, bila kulipa chochote. Msimu wa pili una foleni, jina nimeshaandikisha.