Kumtegemea Mungu kabisa na vidonge vya tansio (shinikizo la damu): somo la seli nilipange namna gani?

KiongoziSeli_Goma
Yambo wapendwa. Jumatano tuna somo la seli, kikundi chetu kidogo cha kanisa, juu ya Muumba mwenye uwezo wote na sisi viumbe tunaomtegemea. Tuna saa moja tu na watu kama kumi na tano, wengi wao wamama. Ubishi umeanza hata kabla ya somo. Wapo wanaosema anayemtegemea Mungu kweli huacha vidonge vya tansio akishaombewa, kwani kumeza ni kumtegemea daktari. Wengine wanawajibu "Mungu husaidia anayejisaidia", neno ambalo halimo katika Biblia. Nishike maandiko gani, na kwa mpangilio upi? Tafadhali msinipe mistari thelathini.

Katekista_Bukavu
Ndugu, pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinamgawia Mungu fungu lake na mtu lake, kama wachukuzi wawili chini ya gunia moja, mmoja akibeba zaidi mwenzake apumzike. Anza na Matendo 17:24-28, Paulo akiwa Athene: Mungu hana haja ya kitu, na sisi hata pumzi tunapewa. Ongeza Zaburi 104:29-30, basi.

Ukishafika hapo, kumtegemea Mungu si jambo la siku ya ugonjwa tu. Ni kuwepo kwetu kwenyewe, kila dakika. Anayemeza kidonge na asiyemeza wanamtegemea sawasawa, maana kidonge, mwili unaokipokea na akili ya aliyekitengeneza vyote vinashikwa na Yeye. Kuacha dawa hakuongezi kitu. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas alifundisha kwamba Mungu ni sababu ya kwanza, na viumbe ni sababu za pili zenye kazi ya kweli. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalifuata hilo namba 306 hadi 308. Waprotestanti watalipata wazo la karibu katika Katekisimu ya Heidelberg ya 1563, swali la 27, linalotaja mvua na ukame, afya na ugonjwa, kwamba vyote vinatoka mkononi mwa Mungu.

Nusu saa nzima ipe Kutoka 16. Kila mtu pishi moja ya mana, chakula Mungu alichowapa Israeli jangwani, kwa siku, kama lita mbili. Aliyelaza akiba alikuta mabuu asubuhi (16:20), ila siku ya sita waliokota pishi mbili na haikuoza. Mana ilitoka kwa Mungu, lakini jua likipanda iliyeyuka (16:21), kwa hiyo anayelala hadi mchana hali. Halafu wasomee Yoshua 5:12: walipokula mazao ya Kanaani, mana ilikoma. Waulize: je, siku ile Israeli waliacha kumtegemea Mungu? Swali hilo litakufanyia kazi kuliko hotuba.

Infirmiye_Goma
Niongeze upande wa dawa, maana hapa kosa la mafundisho linaweza kuua. Tansio kubwa mara nyingi haiumi, hivyo "najisikia vizuri" si ushahidi wa kupona. Baadhi ya dawa, kama propranololi na atenololi, zikikatwa ghafla zinaweza kuurudishia moyo taabu kubwa kuliko ya kwanza. Na kipimo kikiwa kizuri wakati mtu anameza, kwa kawaida maana yake dawa inafanya kazi.

Anayeamini ameponywa aendelee kumeza na aende kupimwa: akae dakika tano kimya, nyayo chini, mkono usawa wa moyo, apimwe mara mbili. Ikifika 14 kwa 9 (yaani 140/90) au zaidi, bado iko juu. Kupunguza au kuacha kuamuliwe na daktari. Kibiblia hilo halina aibu: wakoma kumi wa Luka 17:14 Yesu aliwatuma kwa makuhani, waliokuwa na kazi ya kukagua ngozi kwa sheria ya Walawi 14.

Na kwa wanaofunga: mwenye kisukari anayechoma insulini asifunge chakula bila kuongea kwanza na anayemtibu.

Pasta_Lubum
Nakubaliana na Papa Katekista, ila naona hatari ya upande wa pili. Seli ikisikia "njia zote ni za Mungu", wengi watabaki na njia na kumsahau Mungu. Mfalme Asa aliugua miguu akawatafuta waganga tu, na hilo limeandikwa kama lawama (2 Nyakati 16:12). Mfalme Hezekia alipewa yote mawili: ahadi ya miaka 15 na dawa ya tini juu ya jipu (Isaya 38:5, 21). Soma hao wawili pamoja. Tena wafundishe kuomba kabla ya kumeza, kama tunavyoombea chakula.

Ninyi wa Goma mna mfano karibu. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, ilipotoka amri ya kuhama sehemu za mji, aliyehama hakupungukiwa imani. Yusufu naye aliambiwa akimbilie Misri, na mtoto aliyembeba ni nani? (Mathayo 2:13)

KiongoziSeli_Goma
Asanti sana, Papa Pasta na wote. Kutoka 16 na Yoshua 5, kisha Asa na Hezekia. Nilitaka pia Matendo 27, merikebu ya Paulo, lakini naona ibaki wiki inayofuata.

Katekista_Bukavu
Sawa, ila usiikate katikati. Mstari wa 24 Paulo anahakikishiwa uhai wa watu wote merikebuni, 31 anasema mabaharia wakitoroka hamwezi kuokoka. Ukisoma wa kwanza wiki moja na wa pili nyingine, ubishi wa vidonge utarudi palepale.